Mfuko wa Mafundo Mawili

Saa tisa na robo alasiri, siku ya Jumapili, Mizani alibisha hodi nyumbani kwa kina Kona, na nywele zake zilikuwa mbichi.

Kona aliliona hilo kabla ya kuona kitu kingine, kabla ya shati jeupe lililonyooshwa mpaka mikunjo ya mikono ikasimama, kabla ya kifurushi alichokikumbatia kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe ambebe kidogo. Mizani hakuwa na zamu siku hiyo. Kutoka kwake mpaka hapo palikuwa na mwendo wa kutosha kukausha kichwa chochote kwenye jua lile. Kwa hiyo alikuwa ameoga kwake, akatembea, na alipokaribia akajimwagia maji tena kwenye bomba la mtaani. Kona hakuuliza. Alisema, "Karibu," na sauti ikamtoka sawasawa, kama ya mtu anayepokea toroli la kazini.

"Umependeza," Mizani alinong'ona.

"Ingia. Mama yupo, na mjomba yupo."

"Viatu je?"

"Vua. Kila mtu anavua."

"Nauliza tu. Wenzangu wameapa kwamba mtaniloweka kwanza ndipo nikaribishwe kiti."

Ulikuwa mzaha wao wa siku nyingi. Kona alitabasamu kwa sababu mahali hapo ndipo alipozoea kutabasamu.

Wote wawili walikuwa wafanyakazi wa jengo la kufulia la hospitali, na jengo hilo lina ukuta katikati. Upande mmoja hupokea shuka, taulo na gauni za wagonjwa jinsi zilivyotoka wodini. Upande wa pili huzipokea zikiwa zimefuliwa. Mashine zimejengwa ndani ya ukuta wenyewe, kila moja ikiwa na milango miwili ya kioo. Zinapakiwa kule, zinatolewa huku, na milango hiyo haifunguki kwa pamoja. Kwenye vibao vya milangoni pande hizo zimeandikwa Chafu na Safi. Kanuni ya kazi ni fupi na ina mantiki: anayetoka Chafu kwenda Safi, au kwenda kula, aoge kwanza na kubadili nguo. Hapo inaishia. Yaliyobaki watu wameyaongeza wenyewe.

Waliongeza meza mbili katika chumba cha kulia, ya dirishani kwa watu wa Safi, ya karibu na mlango kwa watu wa Chafu. Waliongeza majina. Watu wa Safi waliwaita wenzao "wa kule", wakaona wametumia neno la heshima. Watu wa Chafu waliwaita wenzao Malaika, kwa ajili ya sare nyeupe na kwa ajili ya mambo mengine. Wakati wa chakula mtu wa Chafu alijulikana kwa nywele mbichi. Kona aliwahi kulifikiria jambo hilo na kuona lilivyokaa upande: kwa vipimo vyovyote, msafi kuliko wote chumbani ni yule aliyetoka kuoga dakika hiyo, na watu walimkwepa kwa alama hiyohiyo.

Mizani alipewa jina hilo kwa kuwa kazi yake ilikuwa kupima mifuko kabla ya kuipakia. Kona alipewa lake kwa jinsi alivyokunja pembe za shuka, pembe juu ya pembe, bila kutazama. Walionana kwanza kupitia mashine ya tatu. Pipa likiwa tupu, kioo cha kule na kioo cha huku hutazamana, na siku moja Kona aliinua macho akakuta uso wa mwanamume umewekwa katikati ya pipa la chuma kama picha kwenye fremu, unamtazama, haupepesi. Siku iliyofuata ulikuwapo tena. Baadaye uso ule ukamsubiri getini ukiwa na mwili wake mzima na ukauliza, "Wewe ndiye unayezipanga zile shuka kama karata?"

Kulikuwa na jambo jingine la kazi ambalo wote waliokaa katika jengo lile walilijua kama wanavyojua kupumua. Mfuko wa wodi ya kawaida hufungwa fundo moja. Mfuko wenye vitu vya kuambukiza hufungwa mafundo mawili, na huo mtu haufungui. Unatiwa mzimamzima ndani ya mfuko mwingine mwembamba unaoyeyuka kwenye maji ya moto, unaingizwa mashineni, basi. Watu wa Safi nao walifunga mafundo mawili waliporudisha kule shuka lililotoka na doa la kutilia shaka. Kona alikuwa akiyafunga tangu alipoajiriwa, huku akiongea, huku akicheka, huku akitazama saa ya ukutani.

Sebuleni kulikuwa na kochi moja refu na makochi mawili mafupi. Mama alikuwa ameketi kwenye moja fupi, mgongo umenyooka. Alikuwa msimamizi wa upande wa Safi mpaka alipostaafu, na bado aliketi kisimamizi. Mjomba, ndugu yake mdogo, kinyozi, alikuwa amejimwaga kwenye kochi refu. Kati yao na mlango kulikuwa na kiti cha plastiki kilichotolewa uani. Kona hakukileta yeye. Asubuhi kilikuwa nje kimewekewa ndoo.

"Shikamoo, Msimamizi," Mizani alisema, kisha akajirekebisha haraka. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Keti."

Mizani alitazama nafasi iliyobaki kwenye kochi refu, akatazama kiti cha plastiki, akaketi kwenye kiti cha plastiki.

"Sogea huku, kijana," Mjomba alisema. "Kiti hicho kina mguu mbovu. Mimi kilishanimwaga mara moja mbele ya wageni."

"Kinamtosha," Mama alisema.

"Kinamtosha, lakini kitamwaga posa."

"Hakuna aliyetaja posa bado."

"Dada, mtu kavaa shati la mikono mirefu kwenye jua hili. Amekuja kuuza bima?"

Mizani alicheka, akanyamaza alipoona amecheka peke yake. Aliinua kile kifurushi kwa mikono miwili. "Mama, nimekuja na kitu kidogo. Ni kitambaa cha meza. Kipya. Nimekitoa dukani jana, sijakifungua."

Maneno "sijakifungua" yalikaa hewani muda mrefu kuliko yalivyostahili. Mama hakunyoosha mkono. Alimtazama binti yake.

"Kaweke," alisema.

Kona alikipokea. Kilikuwa kizito kwa kitambaa, pamba nzuri, nyeupe, yenye mstari wa samawati ukingoni. Karatasi ya dukani ilikuwa imelowa jasho la viganja na kuanza kuchanika. Vidole vyao viligusana chini yake. Alikwenda nacho jikoni.

Meza ya jikoni ilikuwa na maji. Alitoa ile karatasi iliyochanika, akatafuta mfuko wa plastiki kwenye droo. Mama aliingia nyuma yake na kuurudishia mlango.

"Umemwambia aje na nywele hizo?"

"Nywele zina nini?"

"Usinifanye mjinga. Mtu yeyote wa kwetu akipita hapo nje anajua ni wa kule kabla hajageuka."

"Mtaani kwetu hakuna mtu wa kwetu, mama. Ni wewe na mimi tu."

"Basi sisi tunatosha kujua." Mama alifungua sufuria ya chai, akaifunika. "Mimi simchukii. Ni kijana mwenye adabu. Kazini sikuwahi kumwandikia onyo."

"Hukuwahi kumwandikia onyo na ukamkalisha kwenye kiti cha ndoo."

"Nilikipangusa."

"Mama, kanuni inasema aoge na abadili nguo. Ameoga. Amebadili nguo. Haisemi chochote kuhusu mtu mwenyewe. Wewe ndiye uliyenisomesha ile kanuni."

"Mimi ndiye niliyeisimamia. Kusoma na kusimamia ni vitu viwili."

"Mimi sioni wa kule wala wa huku," Kona alisema. "Namwona yeye. Nikishamwona yeye, hayo mengine hayanihusu."

Aliyasema kwa utulivu, kwa sababu aliamini ni ukweli uliothibitika. Mikono yake ilikuwa imekwisha kukitia kitambaa mfukoni, kuusokota mdomo wa mfuko na kuufunga. Aliutundika kwenye msumari nyuma ya mlango, kisha akafungua bomba, akanawa, akakausha mikono, akachukua sinia la vikombe. Mama alikuwa ameshatangulia.

Sebuleni Mjomba alikuwa ameinama mbele, amekitazama kichwa cha Mizani kwa macho ya kazi.

"Nywele zako nzuri, ila anayekunyoa anakuonea. Huku nyuma amekuachia ngazi."

"Ninajinyoa mwenyewe, mjomba."

"Basi unajionea."

Kona alimimina chai. Kikombe cha Mizani alikiweka kwenye stuli karibu na kiti chake. Mizani alisema ahsante, hakukigusa.

"Niulize moja kwa moja," Mama alisema, "maana mimi si mtu wa kuzunguka. Unataka kumwoa huyu?"

"Ndiyo, mama."

"Utatoka kule?"

"Niliomba kutoka. Nafasi ilitangazwa upande wa Safi, ya kwenye pasi kubwa. Niliomba."

"Nakumbuka."

"Nilikataliwa."

"Nilikukataa mimi."

Mjomba alishusha kikombe chake taratibu. Kona hakuwa amejua. Mizani hakuwa amemwambia, na Kona alimtazama sasa apate kujua kwa nini, lakini Mizani alikuwa anamtazama Mama.

"Nilikuwa na kosa gani, mama?"

"Hukuwa na kosa."

"Afya?"

"Cheti chako kilikuwa safi."

"Sasa?"

"Ulikuwa wa kule," Mama alisema. Alilisema bila ukali, kama mtu anayetaja urefu wa meza. "Wasichana wangu wangenyanyuka. Mmoja alinifuata akaniambia, huyo akishika shuka zetu mimi nitazirudisha zote. Ningefanya nini? Upande wangu ulikuwa na jina. Kila shuka lililotoka na doa, doa lilikuwa la kule."

"Na kutu?" Kona aliuliza.

"Kutu gani?"

"Madoa ya kahawia yaliyonyooka mstari. Yale yalitoka kwenye pasi kubwa, mama. Kule hawana pasi. Tuliyarudisha miezi mingapi, mpaka fundi akaja akabadilisha roli ya pasi iliyoshika kutu?"

"Hilo lilikuja kujulikana baadaye."

"Lilipojulikana hatukwenda kuwaambia."

"Waliona wenyewe yamekoma," Mama alisema, na Mjomba akakohoa kikohozi kilichofanana sana na kicheko.

"Dada, hebu nielewesheni mimi mjinga," alisema. "Kutwa nzima nashika vichwa vya watu. Mba, chawa, vidonda, vyote navijua kwa sura. Juzi nimemnyoa mtu sikio lake linatoa usaha. Mbona mimi mnanikalisha kwenye kochi?"

"Wewe ni ndugu yangu."

"Ahaa. Kwa hiyo ukitaka kukaa kwenye kochi, tafuta damu, wala si sabuni."

"Na baba yake Kona je?" Mjomba aliendelea, maana akianza alikuwa haachi. "Yule si alikuwa fundi wa boila? Akipita kote kote, kule na huku, na bisibisi yake."

"Boila ni kitu kingine!" Mama alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. Aliisikia, akaishusha. Alivuta kitambaa cha kichwani mbele, akakirudisha nyuma.

"Nyinyi mnacheka," alisema. "Huyu alipokuwa mdogo, jirani wa ukuta huu hapa alikuwa hali chakula changu. Nikipeleka sahani, inapokelewa mlangoni, ahsante sana, na kesho naiona kwenye pipa la taka na chakula chake. Watoto wake walikatazwa kulala hapa. Nilimshonea mtoto wake gauni, hakulivaa. Kwa nini? Kwa sababu mama huyu anafua nguo za wagonjwa, wengine wamekufa nazo. Mtaani hawajui kuna ukuta. Kwao sote ni kitu kimoja. Nikawaambia mmoja mmoja, mwaka baada ya mwaka: mimi ni wa Safi. Mimi sigusi vile. Kuna wengine wanaogusa, mimi nashika vilivyokwisha fuliwa. Mpaka yule jirani siku moja akaingia, akaketi hapo ulipo wewe, ndugu yangu, akanywa maji. Maji tu. Nilifurahi nikaenda kulia chooni." Alimgeukia Mizani. "Unataka niwaambie nini sasa? Kwamba yule niliyekuwa nawaambia siye mimi, ndiye mkwe wangu?"

Mizani alikuwa ameshika magoti yake. Nywele zilikuwa zimeanza kukauka juu, na maji yaliyobaki yalimtelemkia shingoni ndani ya ukosi.

"Pole, mama," alisema. "Kwetu ni vilevile. Mwenye nyumba aliniwekea ndoo yangu peke yangu bafuni, kaiandika kwa rangi."

"Na wewe ulimwambiaje?"

Mizani alifikiri. Alikuwa mtu wa kupima. Hakupenda kusema kitu kabla hajajua uzito wake.

"Nilimwambia mimi si wa mochwari."

Mjomba aligeuza kichwa. "Na wa mochwari wao wanasema wao si wa wapi?"

"Sijui, mjomba. Hatujawauliza. Hatukai nao."

Kicheko kilimtoka Mama bila ruhusa yake. Kilikuwa kifupi, kikali, kama kitu kilichoanguka jikoni. Alijifunika mdomo, na mabega yakaendelea kutikisika, na Mjomba akapiga goti, na Mizani naye akacheka, kwa woga mwanzoni, kisha kwa kifua kizima. Kona aliwatazama wote watatu. Alijua kwamba hapo ndipo penyewe, kwamba jambo alilolitaka mwaka mzima lilikuwa linatokea mbele yake kwenye zulia lile, na alisubiri furaha ifike. Ilikuwa inakuja, bila shaka. Ilikuwa njiani.

"Nimezeeka," Mama alisema, akijipangusa macho. "Nimechoka kulinda ukuta na hata mshahara silipwi tena. Inuka kwenye kiti hicho kabla hakijakuvunja kiuno. Kaa pale kwa mjomba wako."

Mizani alisimama. Alimtazama Kona, mtazamo uleule wa kwenye kioo, usiopepesa, lakini bila chuma kuuzunguka.

"Na wewe umesimama unangoja nini?" Mama alimwambia binti yake. "Lete hicho kitambaa alicholeta mwenzio. Kitandikwe hapa, chai inywewe juu yake. Tuanze na hilo."

Kona alikwenda jikoni, akautungua mfuko kwenye msumari, akarudi nao. Hatua zake zilikuwa nyepesi. Hakuutazama, alikuwa anamtazama Mizani, akaona uso wake unabadilika.

Ulibadilika polepole, kutoka juu kwenda chini, macho kwanza. Hakuwa anautazama uso wa Kona. Alikuwa anatazama mkono wake.

Mama aliona baada yake.

Kona akatazama chini. Alikuwa ameushika mfuko kwa vidole viwili, mkono umenyooka mbali na gauni lake. Mdomo wa mfuko ulikuwa umesokotwa barabara, na juu ya msokoto kulikuwa na mafundo mawili, yamekazwa, sawasawa, moja juu ya jingine.

"Fungua basi," Mjomba alisema kwa furaha. "Mbona mmeganda?"

"Nani kafunga?" Mama aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mimi," Kona alisema.

"Ulikuwa na haraka."

"Sikuwa na haraka."

Alijaribu kukumbuka akiufunga, akashindwa. Alikumbuka alichokuwa anasema wakati huo. Alikikumbuka neno kwa neno.

Mizani alisogea, akauchukua mfuko mkononi mwa Kona kwa upole, akauweka kwenye kiganja kana kwamba anaupima.

"Ni mazoea," Kona alisema. "Ni mikono tu. Mimi sikufikiri."

"Najua hukufikiri."

"Basi ufungue."

"Hii sisi hatufungui," Mizani alisema.

Hakuwa amekasirika. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa amekasirika. Alisema kama anavyosema mtu wa zamu anayekabidhi kazi kwa mwenzake.

"Kila nikikuachia mkono unatazama bomba liko wapi," aliongeza. "Nilidhani unatazama njia."

"Kijana," Mama alisema, akisimama. "Keti. Mimi nimekwisha sema keti."

"Nimesikia, mama. Nimeshukuru. Wewe umeniambia ya moyoni na nimekuelewa." Aliinamisha kichwa kwake, akampa Mjomba mkono. "Mjomba, nitakuja unirekebishie hii ngazi."

"Bure," Mjomba alisema, akimtazama mmoja na kumtazama mwingine, bado hajui kilichotokea. "Nitakunyoa bure. Lakini kuna nini? Si mfuko tu?"

Mizani alivaa viatu mlangoni, akatoka na mfuko wake. Chai yake ilibaki kwenye stuli imejaa. Mama alikitazama kikombe kile, akakichukua, akakinywa chote akiwa amesimama, mpaka chini, mbele ya binti yake. Kisha akaketi na kuanza kulia bila sauti.

Kona hakulia. Alisubiri kilio kama alivyosubiri furaha, nacho hakikuja. Kulikuwa na ganzi, kama ile ya jino lililochomwa sindano: unajua mdomo upo, unaweza hata kuung'ata, lakini ni wa mtu mwingine. Aliosha vyombo. Alipomaliza alitazama mikono yake chini ya maji na hakuweza kusema ilianza kunawa saa ngapi.

Jumatatu alivaa sare nyeupe na kuingia upande wa Safi. Pipa la mashine ya tatu lilipokuwa tupu alisimama mbele ya kioo. Kule ng'ambo aliona mgongo wa Mizani, aproni ya kijani, mkono unaoinua mfuko juu ya mizani na kuushusha. Mgongo haukugeuka. Mlango wa kule ulifunguliwa, mifuko ikaingizwa mmoja mmoja mpaka kioo kikazibwa. Maji yakaanza kuingia.

Taa ya kijani ilipowaka alifungua mlango wa huku na kuanza kutoa. Shuka, shuka, foronya, gauni. Katikati ya shuka kulikuwa na kitambaa cha meza cheupe, chenye mstari wa samawati ukingoni, kimelowa, cha moto, na kando yake mfuko wa plastiki uliopasuka, mafundo yake mawili bado yamekaza.

"Hiki nini tena?" aliuliza mpiga pasi, mwanamke mnene mcheshi aliyekuwa rafiki yake wa mezani. Alikiinua kwa pembe. "Wodi gani hii inayokula juu ya kitambaa cha harusi? Wa kule hao. Wameanza kupitisha vyao humu. Kifunge tukirudishe."

"Ni changu."

"Chako? Chako kimefikaje kule?"

"Nilikifunga mimi," Kona alisema. "Mafundo mawili."

Mpiga pasi alingoja kicheko kifuate. Hakikufuata, akakiachia kitambaa.

Kona alikipitisha kwenye pasi kubwa mwenyewe. Kilitoka kimenyooka, bila kutu. Alikikunja pembe juu ya pembe, akakiweka kando na rundo la hospitali, akaendelea na kazi.

Wakati wa chakula alinawa, akavua sare, akaingia chumba cha kulia na kitambaa chini ya kwapa. Meza ya dirishani walikuwa wamemwekea nafasi yake. Alipita. Meza ya karibu na mlango ilikuwa bado tupu, kwa kuwa watu wake walikuwa wanaoga. Alikitandika juu yake, akavuta pembe zote nne zikae sawa, akaweka sahani yake, akaketi.

"Kona," mpiga pasi aliita kutoka dirishani. "Umepotea njia?"

"Hapana."

"Nywele zako kavu. Watakudai kitambulisho."

Wenzake walicheka. Alisikia mmoja akinong'ona, na mwingine akisema, mwacheni, wa mapenzi huyo. Kona alingoja kuona kama ataona aibu. Hakuona.

Watu wa Chafu waliingia kwa kundi, wakiongea kwa sauti, wakanyamaza. Mbele alikuwa mzee wa toroli. Alitazama kitambaa, akamtazama aliyeketi.

"Malaika," alisema, "umeshuka kuhesabu watu?"

"Nimekuja kula, baba."

"Na hili shuka?"

"Ni kitambaa cha meza. Kimepakiwa kule kwenu leo."

Mzee alikipapasa kwa kidole, akaguna, akaenda kuchukua chakula. Wengine walibaki wamesimama na sahani mikononi. Mizani aliingia wa mwisho, nywele mbichi, taulo begani. Alikiona kitambaa kabla ya kumwona Kona. Alisimama hapo mlangoni mpaka aliyekuwa nyuma yake akamsukuma kidogo apite.

Mkono wa kulia wa Kona ulianza kuinuka. Macho yake yalikuwa yamekwisha kugeukia ukuta wenye bomba la kunawia, na mikono ilikuwa safi. Alikuwa ameinawa dakika chache zilizopita. Aliushusha mkono ule, akaukalia.

Mizani alimwona akiukalia. Alivuta kiti cha mwisho wa meza, mbali na chake, akaketi, akaweka viganja vyake vyote viwili juu ya kitambaa.